Nyanya za Mwezi wa Nane

Dukani kwa muuza mbegu, mtaa wa Bertrams, huku kusini ambako mwezi wa nane bado ni majira ya baridi, mama mmoja Mkongo aliyenitangulia kwenye foleni aliweka juu ya kaunta mche wa nyanya, mweusi kama uliochemshwa.

"Yote iko hivi," alisema. "Ndiyo miche ya kutulisha mwaka huu. Na nyumba ya plastiki ya kuioteshea nilifunga mwenyewe. Baridi ilipitia wapi?"

"Haikupita, mama," muuzaji alimjibu. "Joto la mchana ndilo lililotoka usiku. Ungengoja mwezi wa kumi."

"Lakini mchana nilitoka jasho mule ndani."

Mama aliugeuzageuza ule mche, kisha akasema taratibu, "Nipe mbegu zingine. Hizi nitaotesha jikoni mpaka baridi iishe."

Nilitoka nimeduwaa. Jua la Agosti lilikuwa kali. Nikavua sweta, halafu nikaukumbuka ule mche, nikaivaa tena.