Koti Lililobandikwa Ukutani

Mwaka 2017 nilikuwa fundi cherehani Doornfontein. Mteja wangu mmoja alikuwa bibi Mkroatia kutoka Kensington, mtaa usio mbali na wetu, mjane mwenye ulimi mkali kama wangu, ndiyo maana tulipatana. Ujanani aliandika pamoja na kundi la wanaume waliojigamba kuivunjavunja fasihi ya kale. Wanaume wakaingia vitabuni, yeye akabaki mke wa mmoja wao. Mcheza kwao hutunzwa, tunaambiwa. Huyu alicheza kwao na hakutunzwa.

Hadithi yake kubwa, ambayo baadaye aliiandika upya kwa Kiingereza, imeandikwa juu ya karatasi za kukatia koti, zile za kuchorea kitambaa kabla ya kukikata: mgongo, vifua, mikono, kola. Fundi yeyote anajua vipande havifuatwi kwa namba. Unatazama vijikato vya mkasi pembeni, kila kimoja kinatafuta mwenzake. Nilipoviunganisha mara ya kwanza, sentensi ya begani iliendelea mkononi, na nililia.

Chuo cha jirani kiliziomba karatasi hizo kwa maonyesho ya waandishi wa mtindo kama wake. Alifurahi hata akanishonesha gauni jipya.

"Sasa watanisoma," alisema.

Siku ya ufunguzi tukakuta vipande vimebandikwa ukutani kwa pini, kwa safu, namba moja hadi tisa, kama nguo zilizoanikwa. Kibao kilisema: kazi za mikono za mke wa mshairi. Mwalimu wa chuo alikuwa akiwaeleza wageni kwamba maneno yale hayana mpangilio, ni pambo tu. Bibi aliinamisha kichwa. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka, nikaanza kuchomoa pini.

Mlinzi, Mkongo mwenzangu, akanikimbilia akiniita dada kwa Kiswahili cha kwetu. "Yaya, acha! Batanifukuza kazi!"

"Basi tazama mlango," nilimjibu. Akageuka.

Mwalimu akafoka kwamba naharibu sanaa.

"Ni hadithi," nikamwambia, "na umeibandika bila kuisoma!"

Nikasukuma glasi za juisi kando, nikaunganisha vipande mezani, kijikato kwa kijikato, nikasoma kwa sauti hadi mwisho. Bibi alikuwa akiyafuata maneno kwa midomo.

Mwalimu alifuta machozi, akamshika bibi mkono.

"Utusamehe, mama," alisema. "Hatukujua kumbe iliandikwa na marehemu mumeo."

Bibi aliutoa mkono wake, akaanza kukunja karatasi.