Muhtasari Niliouandika Kabla ya Jibu

Wanafunzi wa ujenzi huniuliza swali moja kila mwaka, tena kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa: wao wamekuja kujifunza zege na barabara, sasa sheria na uchumi wa biashara ni vya nini? Nafundisha somo hilo siku mbili kwa wiki katika chuo kimoja hapa Mbinga, na siku nyingine niko saiti, kwa hiyo swali lenyewe halinipi shida. Nawaambia kwamba hakuna zege linalomwagwa kabla watu hawajaahidiana kitu, na wakija kugundua kwamba hawakuelewana, zege hilo hilo ndilo litakalovunjwa kwa nyundo. Wanacheka, wanaandika. Kisa kilichonifundisha mimi siwasimulii, kwa sababu mjinga wa kisa hicho ni mwalimu wao. Nitakisimulia hapa, ambako hakuna wa kunyoosha mkono.

Nilikuwa fundi sanifu mpya, mwenye cheti ambacho bado kilikuwa kinanukia wino. Katika somo la sheria niliongoza darasa zima, na sioni sababu ya kuficha jambo hilo. Wenzangu walilala kipindi kile kwa zamu, mimi nilikaa mbele. Nilijua kwamba ili makubaliano yawe mkataba lazima mmoja apendekeze, mwingine akubali, na wote wawe na hiari. Ungeniamsha usingizini ningekutajia yote, pamoja na vifungu vyake.

Mkandarasi mdogo mmoja, mtu wa haraka lakini mwenye roho nzuri, akaniajiri. Alikuwa amepata kazi ya kujenga makalavati matatu, yaani njia za maji chini ya barabara, kwenye barabara ya vumbi inayoteremka kuelekea ziwani, katika kijiji kilicho kati ya Lundo na Lipingo. Mawili hayakuwa na neno. La tatu ndilo lililokuwa na kazi, maana mchoro ulionyesha kwamba maji yakishatoka kwenye bomba yatapita kwenye mfereji, na mfereji huo utavuka uwanja wa mama mmoja mjane kabla ya kufika ziwani. Ndani ya hifadhi ya barabara tunachimba bila kupiga hodi. Nje ya hapo ni ardhi ya mtu, na mwenyewe lazima akubali.

"Wewe si ndiye mwanasheria wetu?" bosi akaniambia. "Nenda kachukue kibali chake kwa maandishi. Kijiko kinakuja Jumatatu."

Kijiko ni ile mashine ya kuchimba, na ilikuwa ya kukodi. Nikateremka siku hiyo hiyo.

Uwanja wenyewe ndio uliokuwa unamlisha yule mama. Alikuwa na vichanja sita vya miti na wavu, na juu yake alianika usipa, hao dagaa wa ziwa letu, aliowanunua asubuhi mitumbwi ikirudi. Upepo wa ziwani ulipita pale bila kizuizi, na hapakuwa na mahali pengine tambarare katika eneo lake lote. Wachuuzi wa Mbinga na Songea walimfuata hapo hapo. Niliona yote hayo, lakini mimi nilikuwa natafuta mteremko, nikaupata, nikapigilia vigingi vyangu katikati ya vichanja, nikaridhika.

Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji. Alikuwepo mwenyekiti, mtendaji, yule mama, na shemeji yake ambaye ni mdogo wa marehemu mumewe. Nilieleza vizuri, na hilo nalisema hata leo bila kujipendelea. Nilichora kwenye karatasi, nikaonyesha maji yatokako na yaendako, nikasema mfereji utapangwa mawe, maji hayatasambaa, na vichanja vitahama kidogo. Hilo neno "kidogo" lilikuwa limebeba vichanja vyote sita. Nilipomaliza, shemeji akamtazama yule mama. Mama akasimama, akakaza kitenge chake, akasema, "Tumesikia."

Mtendaji akapitisha karatasi ya mahudhurio, kila mtu akaandika jina na kuweka saini, kama inavyofanyika kwenye kila kikao cha nchi hii hata kiwe cha kugawa dawa ya mbu. Nikaandika muhtasari wangu kwa mwandiko mzuri: mwenye eneo amekubali mfereji upite. Nikaubana pamoja na ile karatasi ya saini, nikapiga picha, nikamtumia bosi. Akanijibu kwa kidole gumba, na mimi nikapanda gari la Mbinga nikijiona mtu mzima.

Jumatatu kijiko kikafika, na mimi nikiwa mbele yake kwenye pikipiki. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, sawasawa juu ya mstari wa vigingi vyangu, akichambua usipa. Vichanja vyote vilikuwa vimejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hilo dude limefuata nini?"

"Limekuja kuchimba mfereji, mama. Ule tuliokubaliana."

"Ulikubaliana na nani?"

Nikatoa karatasi zangu kwenye faili. Nilifanya hivyo kwa madaha kidogo, nakiri. "Saini yako hii hapa."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akazipokea, akasoma neno moja baada ya jingine bila haraka. Kisha akaweka kidole kwenye jina lake. "Hii inasema nilikuwepo. Kweli nilikuwepo. Hayo ya kwenye karatasi nyingine umeandika wewe."

"Lakini mama, si ulisema tumesikia?"

"Nilisikia, na ulisema vizuri sana. Nikawa nakusubiri urudi kuchukua jibu."

Mtu kutoka Mwanza au Tanga angekuwa na cha kujitetea, angesema lugha ya huku hajaizoea. Mimi nimezaliwa milimani hapa juu, katikati ya mibuni na ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Washenga walipokuja nyumbani kuniposa waliongea wakamaliza maneno yote, baba mkubwa akawajibu "Tumesikia," wakanywa chai, wakaondoka. Walirudi baada ya wiki mbili, wakasikiwa tena, wakanywa chai tena. Mume wangu mpaka leo anadai alikonda. Hakuna mtu katika ukoo wa mume wangu aliyethubutu kununua hata kuku wa harusi kwa sababu ya neno lile, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba jibu bado liko jikoni, watu wanalipika. Neno hilo nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote. Cheti ndicho kilichonifanya niliandike vingine, kwa sababu darasani baada ya pendekezo kinafuata kibali, na mimi nilikuwa na nafasi wazi kwenye muhtasari wa kukiweka.

Nikampigia bosi. Alisikiliza nusu tu.

"Saini ipo, haipo?"

"Ipo."

"Basi chimba. Karatasi inatulinda."

Na ingetulinda kweli, angalau kwa siku ile. Mtendaji alikuwa na nakala, mwenyekiti hakutaka ugomvi, shemeji yake alikuwa amesimama kando anatazama ziwani. Ningemwambia dereva ashushe ndoo ya kijiko, mpaka saa sita mchana vichanja vingekuwa kuni, na yule mama angebaki na maneno yake dhidi ya mwandiko wangu. Niliona aibu, na aibu yangu mimi hutoka kwa sura ya hasira. Kwanza nilimkasirikia yeye kwa kukaa pale. Halafu nikajikasirikia mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyonisaidia.

Nikamwambia dereva azime injini. Nikaenda ofisi ya kijiji, kwenye meza ya mtendaji, nikaomba karatasi, nikaandika barua kwa mhandisi msimamizi wa mradi, nakala kwa bosi: muhtasari nilioandika mimi si sahihi, mwenye eneo hajatoa kibali, saini iliyoambatishwa ni ya mahudhurio tu. Sikuongeza maneno ya kujipamba.

Bosi alifika kesho yake asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umejifunga kamba shingoni," akasema, "na mimi umenifunga humo humo. Unajua kijiko kikisimama kinakula hela sawa na kikichimba?"

Nilijua, na kwa upande wa hesabu alikuwa sahihi kabisa. Mkataba wetu ulisema wazi kwamba kosa likiwa letu hatuwezi kuomba siku za nyongeza. Lakini nami sikuwa nimeongoza darasa bure.

"Bosi, kibali kisicho cha hiari si kibali. Ukichimba leo, mvua ikaingiza maji ndani kwake, atakwenda baraza la ardhi. Mimi ndiye nitakayeulizwa niliandika nini na kwa nini. Nitasema kweli, na wewe unanijua."

Bosi akaenda kununua soda, akakaa kwenye gari lake, akainywa yote bila kunikaribisha.

Mchana huo nilikwenda kwa yule mama mikono mitupu, bila faili, bila mchoro. Nikamwambia nimekuja kuchukua jibu. Nilitegemea kukataliwa. Yeye akasimama tu, akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba. Kulikuwa na korongo la zamani limejaa majani ya migomba na takataka za miaka, linaizunguka nyumba kwa mbali na kutokea ziwani.

"Maji njia yao ni hii," akasema. "Mume wangu ndiye aliyeliziba kwa kutupa takataka. Yapitisheni huku, mimi sina neno."

Nikaleta kifaa changu cha kupimia, nikapima mara mbili. Mteremko ulitosha. Mfereji ungekuwa mrefu zaidi na ungehitaji kona moja ya mawe, basi. Jibu lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba siku zote, na mimi nilikuwa nimefanya kikao kizima bila kumuuliza swali hata moja. Msimamizi akaidhinisha mabadiliko kwa maandishi. Gharama ilikuwa yetu, bosi akaimeza.

Safari hii tuliandika makubaliano yenyewe, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kueleweka. Masharti aliyataja yeye: vichanja visiguswe, na maji yakiingia uwanjani katika msimu wa kwanza wa mvua, turudi turekebishe. Shemeji alishuhudia. Bosi akasaini. Mama akasoma, akageuza karatasi, akaniuliza, "Na yako iko wapi?"

"Anayesaini ni mkandarasi, mama. Mimi ni mwajiriwa tu."

"Huyo mimi simjui. Aliyekaa hapa akaniambia maji hayataingia ni wewe."

Kwa sheria niliyoifaulu, mwajiriwa hajifungi kwa ahadi ya mwajiri wake. Nilikijua kifungu hicho vizuri sana. Nikachukua kalamu, nikasaini chini ya jina la bosi.

Makalavati yalipokamilika, bosi hakuniongezea muda wa ajira. Aliniambia bila kinyongo kwamba mimi ni mtu mkweli na kwamba ni ghali kukaa na mimi. Siku hizi ananiletea mikataba yake niisome kabla hajaigusa, na ananilipa kwa kusoma.

Lakini mwaka ule sikuwa na kazi yoyote. Mvua zilipoanza nikawa silali vizuri, kila ngurumo nahesabu mteremko kichwani. Mwezi wa kwanza nikashindwa kuvumilia, nikapanda gari kuteremka ziwani kwa nauli yangu. Hakuna aliyenituma. Nilifika mvua imetoka kukatika. Korongo lilikuwa limejaa maji mekundu yanayokwenda kwa kasi, na uwanja wa mama ulikuwa umelowa maji ya kutoka angani tu, vichanja vimefunikwa turubai, vyote sita vimesimama.

Tukasalimiana. Hakuniuliza nimefuata nini. Akaingia ndani, akatoka na ile karatasi yetu, ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: Mvua ya kwanza, maji hayakuingia. Mvua ya pili, hayakuingia. Mvua ya tatu, yalimwagika kwenye kona, nimeweka mawe mwenyewe.

"Mama, mbona hukunipigia? Kurekebisha tuliahidi sisi."

"Mawe yalikuwa matatu. Lakini nimeandika."

Nikavua viatu, nikaomba koleo, nikashuka kwenye kona. Kosa lilikuwa letu kweli, mawe ya juu hayakupangwa kwa kushikana. Niliyatoa na kuyapanga upya mpaka kiuno kikauma. Niliporudi uwanjani nimejaa tope, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, karatasi gotini, anaandika polepole: Mvua ya nne, hayakuingia. Fundi amekuja, amepanga mawe upya, amesema sasa yatakaa.

Hakuweka saini. Alinigeuzia ile karatasi na kunishikisha kalamu.

"Soma kwanza," akasema. "Kama nimeandika ambalo hukulisema, niambie nilifute."

Nilisoma mara mbili. Hapakuwa na la kufuta.