Kompyuta Iliyoacha Kusumbua

Juzi nilienda kwa fundi wa kompyuta pale kituo cha Kawangware 56 anizimie meseji za simu, maana mtu maarufu kama mimi simu yake hulia kutwa nzima. Mbele yangu kulikuwa na mzee amekumbatia kompyuta ndani ya shuka, kama mtoto aliyelala.

"Ni mgonjwa," akamwambia fundi, mama mmoja asiyecheka ovyo. "Kila asubuhi ilikuwa inaniambia kuna kitu kipya, ningoje, nisiizime. Siku hizi imenyamaza. Na kwa nyumba ni mimi na yeye tu."

Fundi akaiwasha, akaitazama. "Mzee, hii iko sawa. Ni vile waliotengeneza mfumo unaoiendesha wameacha kuushughulikia, hawatumi kitu tena. Na mfumo wao mpya hauwezi kuingia hapa, mashine imezeeka. Nunua ingine."

Mzee akaanza kuifunika na shuka, polepole.

"Ama nikuwekee mfumo mwingine wa bure," fundi akasema. "Lakini huo utafuta kila kitu kilicho ndani. Kuna picha? Barua za watoto?"

"Hakuna." Akafikiri. "Huo wa bure utaniongelesha?"

"Utakusumbua mpaka uchoke."

"Basi weka huo, mama. Nitangoja."

Akaketi, shuka magotini. Fundi akanigeukia. "Na wewe?"

Nikaangalia simu. Meseji kumi na nne, zote za kampuni ya simu, zikinikumbusha data yangu imeisha.

"Wacha ziingie," nikasema. "Mimi nimepita tu kusalimia."