Skrini ya Bluu ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu wanamwita Injinia. Uinjinia wenyewe hajausomea hata siku moja. Anauza vigae vya sakafu kwenye duka la mtu. Jina alijipa mwenyewe, akalirudia mpaka majirani wakachoka kubisha. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili debe lilimwoa mwanangu.

Nisionekane mbaya. Hanywi, hapigi mtu, na kila asubuhi hunipa shikamoo yangu macho chini kama mkwe anavyotakiwa. Shida yake ni moja: hasomi. Akinunua pasi, karatasi ya maelezo anaikunja anaitia chini ya mguu wa meza inayocheza. Mimi nimetoa dawa kwenye dirisha la hospitali miaka thelathini na mmoja. Sikuwahi kumpa mgonjwa chupa ambayo lebo yake sijaisoma mara mbili, ndiyo maana nimestaafu bila kuua mtu. Kwa hiyo mtu asiyesoma namdharau. Nasema waziwazi, namdharau, na miaka miwili niliyokaa kwao tangu magoti yanigomee sijapata sababu ya kuacha.

Sasa sikia. Mwanangu alikuwa hana kazi, mwezi wa saba sasa tangu maabara yao ifungwe. Akaitwa kwenye usaili wa kufanyia nyumbani kwa intaneti, Ijumaa saa nne asubuhi. Walimwandikia kabisa: laptop, si simu, maana atapewa majedwali ya kujaza huku wanamtazama. Nafasi moja, watu watatu. Basi nani ajitie kimbelembele? Jumatano Injinia akaichukua laptop ya mkewe, nzima haina hata mafua, akafuta kila kitu akaweka mfumo mwingine wa kuiendesha, Linux.

"Huu ndio mfumo wa watu wenye akili, mama," akaniambia.

Akili nywele, kila mtu ana zake. Mkwe wangu ana upara.

Linux ikaingia, waifai ikagoma. Intaneti yetu inatoka kwa mwenye nyumba, ghorofa ya juu, na laptop ikawa haioni chochote. Kumbe kadi yake ya waifai inataka draiva, yaani programu ya kuiendesha, na ile haikuwemo. Injinia akachomeka simu yake kwa kebo, akashusha draiva, akaiweka, akazima, akawasha. Kimya. Akaitoa, akairudisha. Kimya. Alhamisi akapiga simu dukani kwamba anaumwa, akashinda mezani na singlendi, anaweka na kutoa, anaweka na kutoa.

Nilikuwa kwenye kochi nashona vifungo, nikaona jambo. Kila akiiweka ile draiva, mashine inamtaka aandike neno la siri, analiandika haraka haraka. Kila akiwasha upya, inatokea skrini ya bluu yenye maneno meupe. Na kila ikitokea, anabonyeza kitufe inapotea, kabla hata sijavaa miwani.

"Mwanangu," nikamuuliza Injinia, "hiyo bluu inasemaje?"

"Bluu ni kifo cha kompyuta, mama. Ule mfumo wa zamani ukifa ulikuwa unaleta bluu. Mimi naiwahi kabla haijaharibu."

"Naona kama inauliza kitu."

"Hizi si chupa za dawa, mama," akasema, kwa adabu zake zote, macho chini.

Nikarudia vifungo vyangu. Mkwe hatukanwi, na sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa saa mbili na nusu akaiweka draiva mara ya mwisho, akaandika neno lake la siri, kisha akaizima laptop hata kabla ya kuiwasha upya. Akatoa uamuzi kwamba kadi imeungua. Anakwenda mjini kununua nyingine, ya kuchomeka pembeni. Simu yake, ambayo ingetupa intaneti kwa kebo, akaondoka nayo, na ya mkewe tundu la kebo limelegea haishiki. "Msiiguse," akatuagiza mlangoni.

Saa tatu na nusu hajarudi, simu hapokei. Mwanangu amevaa blauzi nyeupe, kaipiga pasi mara mbili, amekaa mbele ya laptop iliyozimwa, machozi yanamtoka bila sauti. Nilimzaa kwa uchungu, lakini ule wa asubuhi hiyo ulikuwa mwingine.

"Iwashe," nikamwambia.

"Kasema tusiiguse."

"Nimekuzaa mimi au yeye?"

Akaiwasha. Bluu ikaja, na pembeni inahesabu, kumi, tisa, nane. Nikagusa kitufe, ikatulia. Nikavaa miwani nikasoma. Kiingereza, ndiyo, lakini na lebo za dawa ni Kiingereza. Ilikuwa inasema hivi: kuna draiva imeletwa kutoka nje, kama ni wewe umeileta, uthibitishe ufunguo wake, la sivyo sitairuhusu ifanye kazi. Basi. Siku mbili mashine inamuuliza mwenyeji, huyu mgeni ni wako, nifungue? Na mwenyeji anaikatisha kila ikifungua mdomo. Injinia mzima.

Nikachagua kuthibitisha. Ikaomba lile neno la siri aliloandika asubuhi.

"Litakuwa lile analotumia kila mahali," mwanangu akasema. "Sogea, mama, niandike mimi."

Akaandika harakaharaka, akakosea. Saa tatu na dakika arobaini na tano.

"Litaje, niandike mimi."

"Mama, niache nijaribu tena."

"Litaje, muda unakwisha."

Akageuza uso dirishani. "Bundimzee," akasema. "Herufi ndogo zote. Bila nafasi."

Sikuuliza bundi gani. Nyumba ile ina mzee mmoja. Nikaliandika herufi moja moja, mashine ikakubali. Ikajiwasha upya, na waifai ya mwenye nyumba ikatokea juu kabisa. Mwanangu akafuta uso, akakaa sawa, na saa nne kamili nikasikia sauti za wageni wakimsalimu.

Nikaenda jikoni nikafunga mlango. Dharau ya mkwe wangu haikuniuma, mjinga akikudharau hujapungukiwa kitu. Lakini laptop ile ni ya mwanangu, na neno la kuifungulia ni hilohilo, aliliweka Injinia mwaka ule nilipohamia. Miaka miwili. Kila asubuhi mwanangu ananiletea chai, ananiuliza mama magoti yameamkaje, halafu anakaa mezani analiandika neno hilo.

Injinia alirudi saa tano na kikadi chake kwenye kijifuko, akamkuta mkewe anacheka peke yake. Alikuwa wa mwisho kati ya wale watatu, kazi kapewa palepale, anaanza Jumatatu. Akaitazama laptop, akaiona waifai.

"Nilijua itashika tu," akasema. "Draiva huchukua muda kuzoea."

"Kaa, mwanangu," nikamwambia mkwe wangu. "Bundi kaisoma ile bluu."

Akakaa. Mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama mwanangu, naye alikuwa ameinama anatazama vigae.