Majibu Yangu Begani mwa Mzee Deng

Jamani, ngoja nijicheke mwenyewe kwanza, maana mkinianza ninyi nitalia. Mwaka 2012 nilikuwa natafuta kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi kambini Kakuma, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri tu, ila vile vineno vidogo (at, in, of, on) vilinitesa kweli. Intavyuu ya kwanza, pale Lodwar, nilisema "I am good in English", kumbe ni "at", wakacheka meza nzima, nikarudi nyumbani. Na safari hii mama alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba bintiye ni mwalimu. Ningerudi na uso gani?

Basi asubuhi hiyo nikachukua kalamu ya wino mweusi nikajiandikia kiganjani: good at, afraid of, married to, depend on. Nani angejua? (Jua la Kakuma lilijua.) Nafika mkono umelowa jasho, na mlangoni amesimama Mzee Deng, mwenyekiti wa wazazi, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa. Watu wa kwao hugusana begani kwanza kabla ya kupeana mkono, na mimi kwa kujipendekeza nikambandika kiganja kizima, nikakiacha pale nikiulizia watoto, mama watoto, hata ng'ombe aliowaacha kwao.

Tukaketi. Mwalimu mkuu, mama Mturkana asiye na mchezo, akaniambia kwa Kiingereza nijieleze: najua nini, naogopa nini. Nikachungulia kiganja: weusi mtupu. Nikainua macho, na majibu yangu yote yako begani mwa Mzee Deng, yamegeuka kinyumenyume! Badala ya kujikaza, nikapinda shingo nikaanza kuyasoma.

"Wewe naangalia nini kwa bega yangu?" Mzee Deng akauliza. Akajitazama. "Ai! Hii shati ya kanisa!"

Mwalimu mkuu akavaa miwani, akasoma polepole, akanigeukia.

"Dada, jibu wewe. Shati ya mzee haikuomba kazi."

Kazi sikupata, nilipata shati la kufua, na wino haukutoka. Mwaka uliofuata nikarudi, viganja vitupu, nikaajiriwa. Lakini kila mkutano wa wazazi Mzee Deng huja na shati lile lile, huketi mbele kabisa, bega limenielekea.

"Mwalimu," huniambia, "leo nimekuletea kitabu yako."

Naapa, hata namba ya simu siandiki tena mkononi.