Ayia ya Nailantei

Kila asubuhi, kabla ndama hawajafika kwenye hori, Nailantei alikuwa anachovya kidole ndani ya maji, anakilamba, anatema mate pembeni, halafu anasema, "Ayia." Hapo ndipo aliwaachia ndama njia. Wanawake wenzake walimcheka. Maji ni maji, walisema, yanatoka kisima hicho hicho tangu grup ranchi, wenye ardhi ya pamoja, ikichimbe, yataonjwa mpaka lini? Yeye hakubishana nao. Mama yake alionja, nyanya yake alionja, na wote wawili hawakuwahi kuzika ndama kwa sababu ya maji.

Neno hilo la Kimaasai, ayia, lina kazi nyingi kuliko punda wa kuchota maji. Ukipewa habari, kila msemaji anapovuta pumzi unalisema, na maana yake ni nakusikia, endelea. Ukikabidhiwa kitu unalisema. Maongezi yakiisha na unataka kwenda zako unalisema pia, na hapo linakuwa kwaheri. Mtu akikuongelesha ukakaa kimya bila kulisema, umemtukana. Afadhali ungempiga kofi, kofi husahaulika.

Boma lao lilikuwa upande wa ndani, ukishapita Kitengela na kabla hujafika Isinya, mahali ambapo siku zile bado ungeona swara wakipita nyuma ya choo. Mumewe, Sankale, alikuwa mtu wa maneno. Alisoma mpaka darasa la saba, akafanya kazi ya kichinjio Kitengela miaka kadhaa, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Mgeni yeyote akija, Sankale ndiye aliitwa kutafsiri. Nailantei alikielewa Kiswahili vizuri, kuzidi walivyodhani watu, lakini kukisema alikuwa anaona haya. Alisema kinamkwaruza ulimi.

Mwaka wa 2006, mvua ndefu zikiwa zimekatika mapema, walikuja watu wa gesi. Aliyewaongoza aliitwa Wathome, mtu mnene kidogo, mcheshi, viatu vyake vimepakwa rangi mpaka inzi wakateleza. Aliwakusanya watu ndani ya darasa la shule ya msingi, wazee mbele, wanawake nyuma kwenye madawati ya watoto. Akaeleza, na Sankale akatafsiri. Chini ya ardhi yenu kuna gesi imelala ndani ya mwamba. Tutatoboa shimo refu. Tutashindilia maji yenye mchanga na dawa kidogo, mwamba utapasuka, gesi itapanda. Ni majaribio tu. Kila alipovuta pumzi, watu waliitikia kwa heshima yao yote. Ayia. Ayia. Wanawake huko nyuma ndio waliitikia zaidi, maana mgeni alikuwa anatoka jasho na walimhurumia.

Mwishoni Wathome akamuuliza Sankale wanasema nini.

"Wanasema sawa," Sankale akajibu.

Nailantei aliisikia hiyo sawa na ikamkaa kama jiwe kwenye kiatu. Lakini wazee walishainuka, na kila mtu alijua kwamba jambo kubwa halijibiwi siku linaposemwa. Linabebwa nyumbani, linalala, linazungumzwa, ndipo linarudishiwa jibu. Wakangoja waitwe mara ya pili watoe jibu lao. Badala ya kuitwa, waliona malori.

Wazee walipoenda kuuliza, Wathome aliwacheka kwa upole. Alisema yeye mwenyewe aliwasikia kwa masikio yake, waliitikia mpaka akachoka kuhesabu. Na kama walikuwa hawataki, kwa nini hawakukataa? Tangu siku ile vijana wa Isinya waliibandika kazi yote ile jina. Waliiita kutapisha ardhi.

Sankale alipewa jaketi nyekundu yenye maandishi mgongoni, na kazi ya kuwa mdomo wa kampuni kwa wananchi. Alilala nayo karibu na mto wa kichwa. Malori ya tangi yakaanza kuteka maji pale pale kisimani, na wanawake wakasubiri na mitungi mpaka jua likapinda. Halafu mashine ikaanza kusukuma. Ardhi haikutetemeka kama watu walivyoogopa. Ilinguruma tu, chini kabisa, kama tumbo la mtu mwenye njaa, mchana kutwa, wiki baada ya wiki.

Asubuhi moja Nailantei alichovya kidole, akalamba, akatema. Akachovya tena. Hakusema kitu. Ndama wakasimama wakimwangalia.

Maji yalikuwa na harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na juu yake povu dogo ambalo halikupasuka. Aliyachemsha, chai ikatoka na utando wa mafuta. Baada ya siku chache ng'ombe wake mweupe akatupa mimba. Muthoki, jirani yao Mkamba aliyekuwa na duka la mabati karibu na kisima na bustani ndogo nyuma, aliona sukuma wiki yake inageuka njano kuanzia chini kwenda juu. Wathome alipoulizwa alisema mabomba ya kisima yamezeeka, ni kutu.

"Huyo ni Mkamba mwenzangu," Muthoki alimwambia Nailantei, "lakini mahali alizaliwa waliacha mlango wazi wakati wa kugawa aibu, ikatoka yote."

Nailantei alimwita kaka yake, Tajeu, kutoka Oltepesi. Akamkabidhi ndama wote awapeleke kwake, huko maji yalikuwa bado maji. Sankale alirudi jioni akakuta zizi la ndama tupu.

"Ngoto Lemein, unanivunjia kazi," alisema, akimwita mama wa mtoto wao wa kwanza. "Watu watasema hata bibi ya mtu wa kampuni amekimbiza ndama."

"Si watakuwa wamesema ukweli."

"Maji itarekebishwa. Wathome amesema."

"Menye Lemein," akasema Nailantei, na alikuwa anakamua maziwa, hakuinua kichwa, "wewe ulizaliwa kwa Kimaasai. Ayia ni sawa?"

 Sankale akasema neno halitafsiriki kama vile mtu anamenya viazi, kuna haraka, kuna mgeni amesimama anangoja, unatoa lile lililo karibu. Sasa mkewe anataka yeye aende aseme nini, kwamba alikosea? Wampokonye jaketi, waseme huyu ndiye aliwadanganya Wamaasai? Alikuwa amekasirika, na chini ya hasira alikuwa anaomba. Nailantei aliyaona yote mawili na hakuyahurumia.

"Sikwambii uende leo," alisema. "Lakini siku utaweka tena kwa mdomo wangu kitu sijasema, mimi sitalala hapa."

"Unanitisha?"

"Nakutafsiria."

Mwaka uliofuata kampuni ikataka kutoboa shimo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Lakini kulikuwa na sheria ya mazingira ambayo bado ilikuwa changa, na ilitaka wananchi wasikilizwe kwanza mbele ya afisa. Muthoki alilisikia tangazo kanisani. Kikao kingefanyika Kajiado, kwenye ukumbi wa kukodi karibu na soko la mifugo. Wakikataa, alisema, hakuna shimo.

Nailantei akapita boma kwa boma. Hakuwaomba wanawake waongee, kwa sababu aliona kuongea ndiko kulikowaponza. Aliwaomba wanyamaze. Yule Wathome akisimama, asipate hata ayia moja, si kwa mdomo, si kwa pumzi. Wanawake waliogopa. Mama mmoja mzee alisema hajawahi kumfanyia hivyo hata mwizi. Nailantei akamwambia mwizi huchukua ng'ombe mmoja na anaacha maji. Mwishowe wakakubaliana.

Muthoki alicheka aliposikia mpango huo. Kwao, alisema, mtu akikukosea unapiga kelele mpaka kuku wahame. "Mama Lemein, mimi niko na wasiwasi. Ukinyamazia serikali, serikali inakusaidia kuongea." Nailantei alidhani ni mizaha yake ya kila siku.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mpole, aliyesalimia kila mtu. Akaeleza kwamba amekuja kusikia, na kila neno litaandikwa. Kisha akampa nafasi Wathome, na Sankale akasimama kando yake ndani ya jaketi nyekundu.

Wathome akasema sentensi ya kwanza. Sankale akaitafsiri na kungoja, kama kawaida.

Kimya.

Akasema ya pili. Kimya. Wathome hakuona chochote kigeni, aliendelea na maneno yake ya maendeleo na stima na shule. Lakini Sankale alielewa. Kila alipomaliza na kukuta hakuna anayeitikia, sauti yake ilipungua, mpaka waliokaa mbele wakaanza kutega masikio. Alifungua zipu ya jaketi. Alimtafuta mkewe kwa macho. Nailantei alimwangalia tu, mdomo umefungwa, na wanawake safu nzima vilevile. Kwa mara ya kwanza tangu malori yaje, Nailantei alihisi wanashinda.

Wathome akakaa. Afisa akavua miwani.

"Haya, sasa ni nafasi yenu. Kuna mtu ako na pingamizi?"

Sankale akalitafsiri swali hilo vizuri kabisa, hakuna alichopunguza. Wanawake wakamwangalia Nailantei. Walikuwa wameambiwa hata pumzi wasitoe, na hakuna aliyekuwa ameambiwa ni wakati gani wa kuacha. Wazee walikwishasikia mpango wa wanawake, nao wakaushika. Ukumbi mzima ukanyamaza, kimya cha matusi makubwa, na afisa akakingoja kwa subira yake yote. Halafu akatikisa kichwa taratibu.

"Kunyamaza ni kukubali," akasema, akainama kuandika.

Muthoki akamdunga Nailantei kwa kiwiko, si kidogo. "Si nilikwambia. Simama."

Nailantei akasimama. Kiswahili kikamkimbia mbele ya watu wote wale, kwa hivyo akasema kwa Kimaasai, moja kwa moja kwa mumewe. Mwambie huyu mama maana ya ayia. Mwambie mara ya kwanza tulikuwa tunasikiliza, hatukukubali. Mwambie leo tumenyamaza kwa sababu tumekataa. Mwambie maji yametiwa sumu na shimo lingine hatutaki. Alisema polepole ili asipate kisingizio cha kusahau.

Afisa akainua kalamu, akamgeukia Sankale. Wathome naye akamgeukia. Sankale alishika zipu, akaipandisha, akaishusha.

"Anasema," akasema, "anaomba tu maji ipimwe."

"Hilo ni ombi nzuri," afisa akasema, akaliandika.

Muthoki alianza kupiga kelele pale pale, kwamba huyo mwanaume amekula maneno, kwamba yeye anakijua Kimaasai cha dukani na si hayo yamesemwa. Askari wa mlangoni akamwambia angoje zamu yake. Watu wa kampuni wakacheka. Katikati ya fujo hiyo Nailantei alisimama tu akimwangalia mumewe, na mumewe akiangalia meza. Hakuna hasira iliyobaki ya kumtupia. Alikusanya shuka yake mabegani, akahakikisha fundo limekaza.

"Ayia," alimwambia.

Akaanza kutembea kati ya viti. Afisa, ambaye hakuwa mtu mbaya na alitaka kila kitu kiandikwe, akauliza nyuma yake, "Amesema sawa?"

Alikuwa karibu na mlango aliposikia Sankale akikohoa.

"Hapana, mama. Hiyo ya mwaka jana haikuwa sawa, na hii si sawa." Sauti ilikuwa kavu. "Hii ya sasa ni kwaheri."

Wathome akasema kitu kwa ukali. Afisa akasema ngoja, ngoja, rudia hapo, haikuwa sawa namna gani? Mwaka mzima Nailantei alikuwa amengoja kumsikia mume wake akitafsiri sawasawa, na sasa alimsikia kwa mgongo. Hakugeuka. Mlango ulikuwa umezuiwa na jiwe usijifunge, akalivuka.

Nje walikuwa wanashusha mbuzi sokoni. Akapita katikati yao kwenda barabarani, kutafuta gari la kumsogeza upande wa Oltepesi. Ndani, Muthoki aliweka mkoba wake juu ya kiti kilichoachwa, akawafukuza wawili waliotaka kukikalia, akisema kina mwenyewe. Mkoba ulikaa pale mpaka kikao kikaisha na wafagiaji wakaingia.