Mtani Aliyekuja Kumlilia Shangazi

Nakumbuka asubuhi moja nilipoteremka kwenye treni pale Kigwa pamoja na Mzee Pazi, Mzaramo aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi. Mwanangu, wewe unayeanza kupima mimea, nisikilize kidogo, maana nami nilianzia huko huko, kuosha vyombo vya maabara Dar es Salaam.

Tulikuwa tunapima mzizi wa baba yangu mdogo, mganga wa Usinge. Aliuchimba kama alivyofundishwa, upande wa mawio na upande wa machweo, akafukia shimo ili mti usife. Tukauchemsha, tukadondosha maji yake juu ya seli za saratani tulizozikuza kwenye kisahani. Zikafa zote. Baba mdogo aliposikia, ulimi hauna mfupa, hata Kigwa wakajua kwamba dawa ya ukoo imeishinda saratani.

Sasa, Kigwa ndiko alikokuwa shangazi aliyenilea, na alikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari alishampangia upasuaji. Akakataa. "Subira yavuta heri," alisema, "nangoja mzizi wetu." Nasi tulikuwa tumeshaupima mara ya pili, safari hii kwa seli zenye afya, nazo zikafa vile vile. Nilipomweleza, aliona mji umenifundisha kudharau vya kwetu. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba nitamzika akiwa bado anangoja.

Mzee Pazi akaniambia, "Wewe ni mtoto kwake, huwezi kumkaripia. Mimi ni mtani." Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka, hata msibani.

Basi alipofika hakupiga hodi. Alijitupa mlangoni akaangua kilio. "Mke wangu ameniacha. Kuku wa matanga yuko wapi?"

Shangazi akatoka. "Mzaramo mvivu wewe, si niko hai?"

"Si unangoja mzizi? Nimewahi, nisije nikakuta kuku ameshaliwa."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Hapo Mzee Pazi akapunguza sauti. "Dada, kwenye kisahani hata sabuni inaua saratani. Kazi ni kuiua, mwenye mwili abaki. Mzizi wenu tutaupima miaka na miaka. Titi lako halina miaka hiyo."

Shangazi akanituma ndani nikamletee khanga za safari. Alipasuliwa, akapona, akawapakata watoto wangu. Ule mzizi haukufika popote. Mingi haifiki.

Mwanangu, usiidharau miti ya wazee wetu. Zipo dawa za saratani zilizotoka kwenye mimea, ndiyo maana tunapima. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Seli zikifa kwenye kisahani, sema zimekufa kwenye kisahani, uishie hapo hapo, kwa sababu yuko mtu kijijini anakusikiliza huku mkono wake uko juu ya uvimbe. Mungu akupe ulimi mzito na mkono mwepesi, na wale wanaokungoja uwakute hai.